Hodi ya Nyumbu Kumi na Tisa

Asubuhi ile taya la Sikudhani Msabila lilifunguka upana wa kidole kimoja, likakwama. Lilitoa mlio mbele ya sikio la kulia, mlio wa bawaba kavu, kisha likagoma kabisa.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, Kambi Namba Nne, Shamba la Mkonge la Kwemtindi, akijipima kama afanyavyo kila alfajiri. Vidole vitatu vikipita baina ya meno, hiyo siku njema. Viwili, siku ya kuvumilia. Kimoja, siku ya uji. Akachovya kitambaa kwenye maji ya moto, akakikamua, akakibana shavuni mpaka joto likaingia. Kisha akakitafuta kwa kidole gumba kile kifundo cha msuli pembeni mwa taya, kigumu kama kokwa ya tende, akakisugua taratibu kwa mzunguko huku machozi yakimtoka bila kulia. Mwisho karafuu moja juu ya gego lililopata ufa. Yote hayo hakufundishwa na mtu. Alifundishwa na maumivu yenyewe, na maumivu ni mwalimu asiyekosa kipindi.

Lakini asubuhi ile haikuwa ya uji tu. Nje ya dirisha watu walikuwa wakiambiana kwamba nyumbu, mashine ya kukata mkonge, amemsaga mguu Sefu Mhando, yule fundi wa mitaro anayefungulia maji mashambani usiku, na kwamba Utawala wa shamba umekwisha kutangaza kosa ni la Mhando mwenyewe. Eti aliipanda mashine isiyo na dereva, akaiwasha apate lifti, ikamshinda.

Sikudhani aliuliza kupitia dirisha ni nyumbu namba ngapi. Kumi na tisa, wakamjibu. Akaketi tena. Kumi na tisa alikuwa wake.

* * *

Siku hiyo alipewa nyumbu mwingine, ishirini na saba, kwa kuwa wake alikuwa amezungushiwa utepe mwekundu. Alipanda, akaingiza mikono miwili kwenye mikono ya chuma inayoshika visu, na kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi hiyo, kuendesha kulibaki kwa mdomo. Akauma lijamu.

Ni ukanda mweusi uliopinda kama kiatu cha farasi, wenye vipokezi thelathini na viwili, kila jino na chake. Ukiuma kwa meno ya mbele, nyumbu anakwenda. Ukikaza magego ya kulia anakata kulia, ya kushoto kushoto. Ukisaga, anaongeza mwendo. Breki yake ni moja tu: kuachia. Meno yakiachana, nyumbu anasimama palepale, tani tatu za chuma zikatulia kama mbuzi aliyefika zizini. Dereva mzuri wa Kwemtindi hatambuliwi kwa kuuma. Anatambuliwa kwa kuachia.

Kulikuwa na jambo jingine lisiloandikwa kwenye kitabu chochote cha Utawala. Kabla ya kuingia mstari wowote wa mkonge, dereva hubisha hodi. Huuma mara tatu bila kukaza, na taa iliyo kwenye paji la nyumbu hupepesa mara tatu. Mtu aliye ndani ya mstari, mfunga mizigo au mpalilia, huinua mkono, au taa kama kuna giza. Hapo dereva huachia meno, husubiri mpaka mtu apite, ndipo aingie. Desturi hiyo ilianzishwa na marehemu mzee Likwaya, dereva wa kwanza, aliyesema kwamba hata mwizi mwenye adabu hubisha. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyekanyagwa Kwemtindi, mpaka usiku wa Mhando. Na kila dereva alikuwa na hodi yake, kama kila mama alivyo na namna yake ya kumwita mwanawe. Ya Sikudhani ilikuwa mbili za haraka na moja ya kuvuta.

Alibisha. Katikati ya mstari mwanamke mmoja aliinua mkono bila hata kugeuka, akaendelea kufunga mzigo wake. Sikudhani akaachia. Taya likamchoma hadi jichoni. Akamtazama mwanamke yule alivyoinama kwa utulivu mbele ya visu, akijua kwamba amebishiwa hodi na amekaribisha, basi mambo yamekwisha. 

* * *

Mhando alikuwa amelazwa kitanda cha mwisho katika hospitali ya shamba, mguu wa kushoto umeishia chini ya goti. Mkewe, mama Zaituni, alikuwa amekwenda kufungasha vyombo. Utawala ulikuwa umewapa siku saba watoke kwenye nyumba, na baada ya hapo Baraza la Ajali lingekaa kumhukumu kwa kuiba mashine.

Alipomwona Sikudhani mlangoni, Mhando alijikongoja kuinuka kwenye mto. Yeye alikuwa Mzigua na Sikudhani Mnyamwezi, watani tangu enzi za babu zao, na mtani hana ruhusa ya kumhurumia mtani wake.

"Umekuja kuangalia kama nimekufa upate kula pilau," akasema. "Pole. Nimetoa mguu tu. Nyama yake haitoshi hata kwa Mnyamwezi mmoja."

Sikudhani alitaka kujibu, taya likamzuia. Akaweka kibakuli cha uji juu ya kijimeza na kuketi.

Mhando alisimulia kwa sauti ya chini. Alikuwa mtaroni, mstari wa arobaini, amefungua maji na kuketi juu ya tuta. Mashine za usiku huwa anaziona kila siku. Utawala unasema zina zamu yao ya madereva kutoka shamba jirani, na yeye hakuwahi kuwaona nyuso. Huwa zinapita mbali. Usiku ule moja ilikuja upande wake. Ikafika mdomoni mwa mstari, taa ya paji ikapepesa.

"Mbili za haraka, moja ya kuvuta," akasema. "Nani mwingine hapa Kwemtindi anabisha hodi kama mtu aliyekuja kudai chungu chake? Nikajisemea, leo mtani kaingia zamu ya usiku. Nikainua taa. Nikasimama palepale kama mjinga, nasubiri uachie meno."



"Nilikuwa nimelala," Sikudhani akasema.

"Najua. Mama Zaituni alipita kwenu usiku uleule, mlango umefungwa, unakoroma. Kwa hiyo nimenyamaza. Nikisema dereva alikuwepo, wataniuliza nani. Nikimtaja, watakufunga wewe. Nikiendelea kunyamaza, wananifunga mimi na wanangu wanalala nje." Akavuta shuka. "Haya, wewe mwenye kichwa kikubwa cha Kinyamwezi. Nichagulie."

Sikudhani akamsogezea uji. Alikuwa akikumbuka ndoto. Kila usiku, kwa miaka miwili sasa, aliota mistari. Hakuota watu wala nyumba wala marehemu mama yake. Ni mistari ya mkonge tu, mmoja baada ya mwingine, na yeye anauma, anakata kulia, anauma. Aliamka taya limechoka kuliko alivyolala nalo. Madereva wote mia moja na arobaini waliamka hivyo. Walikuwa wakitaniana kwenye foleni ya maji kwamba usingizi wa Kwemtindi una jasho.

Na miaka miwili ndiyo umri wa ile ngao ya meno waliyokuwa wakilala nayo.

* * *

Madereva walipoanza kulalamika kwamba wanasaga meno usingizini, Utawala ulifanya haraka isiyo ya kawaida yake. Alikuja tabibu na unga wa kuchukulia umbo la meno, kila mtu akauma, na baada ya wiki kila mtu akapewa ngao yake ya meno, laini, ya rangi ya ufizi, bila malipo. Ivaeni mlalapo, wakaambiwa, itawalinda. Ilikuja na kikasha chenye taa ya kijani cha kuilazia mchana. Taa ya nini, mtu mmoja aliuliza. Ya kuua vijidudu, akajibiwa, na watu wakashukuru.

Sikudhani alikumbuka yote hayo akiwa amesimama katikati ya chumba chake, kikasha mkononi. Watu waliorithi hasira ya vizazi vitano walipewa kitu cha bure na Utawala, nao wakakitia mdomoni. Hilo ndilo lililomuuma kuliko taya.

Babu wa babu yake aliletwa Tanga kwa treni kutoka Unyanyembe, akavuliwa jina, akapewa namba. Manamba, ndivyo walivyoitwa wote. Alikata mkonge kwa panga mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Bibi yake alisimama kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani kutoa singa, nyuzi za mkonge, mpaka mikono ikakataa kufumbika. Ukoo mzima bado ulijua namba ya yule babu: elfu mbili mia nne na sita. Wenye shamba waliuchukua mgongo, mikono wakaichukua, na jioni waliiacha kwa sababu jioni haikuwa na mwanga. Sasa walikuwa wamepata njia ya kuchukua hata usingizi: ngao ilikuwa lijamu la pili, na meno yaliyosaga ndotoni ndiyo yaliyowaendesha nyumbu wa usiku.

Alijua pia sheria waliyoizunguka, maana aliisoma mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, kwa taa ya mkononi, kama alivyosoma kila kitu maishani bila kufundishwa darasani. Zamani mashine za kukata ziliachwa zijiendeshe zenyewe, zikaingia kambi moja na kuua watu kumi na wanne. Ndipo ikatungwa Sheria ya Mtu Hai: mashine yenye visu isisogee hata hatua moja ila kwa amri ya mtu aliye hai. Sheria ilisema hai. Haikusema aliye macho.

Alimfuata Zebedayo Nkinda, katibu wa madereva, akamkuta anafunga mlango wa ofisi. Alimweleza yote wamesimama. Zebedayo hakushangaa hata kidogo, na kutoshangaa kwake kulikuwa jibu.

"Nimejua tangu kiangazi, dada Siku," alisema. Aliona mistari iliyokatwa usiku. Kila dereva ana namna yake ya kukata kona, na kona za usiku zilikuwa kona zao. Lakini akapima. Likijulikana hili, nyumbu wote watasimamishwa, kila mtu atarudishiwa panga, na wengi wao hawajawahi hata kulishika. Mhando ni mtu mmoja. Kisha akamwambia lile alilojua litamgusa: "Na ule mguu hautaandikwa jina la Utawala. Utaandikwa jina lako. Leseni utanyang'anywa, jela utakwenda, nao watasema dereva alikuwa na ugonjwa wa kusaga meno, wamemtoa, mambo yamekwisha."

Sikudhani aligeuza shavu, akalishika. Maneno ya Zebedayo yalikuwa na ukweli, na hilo ndilo lililoyafanya yawe mabaya. Angeweza kunyamaza. Taya lenyewe lilikuwa limemfunga mdomo, hata Mungu angemwelewa. Tena hakuwa amefanya kosa. Mtu hahukumiwi kwa ndoto. Ila Mhando aliinua taa. Aliinua taa kwa sababu alimwamini, na taa ile ilikuwa bado imeinuliwa, huko alikolala, inasubiri aachie meno.

"Babu wa babu yangu alivunjika mgongo shamba hilihili," akasema. "Hakuna aliyeandika jina lake popote. Namba tu. Waache waandike langu."

* * *

Kesi ilikuwa siku sita mbele, na kwa siku zile sita Sikudhani alijiandaa kama mtu anayejiandaa kwa safari ya miguu. Ngao hakuivaa tena. Usiku wa kwanza alisaga meno matupu, gego lenye ufa likapasuka, akaamka na kipande chake juu ya ulimi. Akakifunga kwenye karatasi na kukiweka. Akajifundisha zoezi lililobandikwa ukutani hospitalini ambalo hakuna aliyekuwa akilisoma: ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, midomo ifungwe, meno yaachane. Alilifanya akipika, akifua, akisimama kwenye foleni ya maji. Midomo pamoja, meno mbalimbali. Kila alipojikuta ameuma, na alijikuta mara elfu, aliachia.

Siku tatu za mwisho hakulala kabisa. Alikaa wima kwenye kigoda, akatembea, akanywa kahawa chungu, akajimwagia maji. Watu walidhani dhamiri inamsumbua. Ilikuwa inamsumbua, lakini pamoja na hayo alikuwa akiuweka akiba usingizi wake, kama mtu anavyoweka maji kwa siku ya moto.

* * *

Baraza la Ajali lilikaa katika ukumbi wa zamani wa sinema wa shamba, saa nne asubuhi. Mwenyekiti wake, Bi Rukia Sechonge, alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine imesahauliwa kichwani. Kwa kanuni yake, simu zote zilikusanywa kwenye beseni la plastiki miguuni pake kabla neno halijasemwa. Nje, mbele ya ngazi za ukumbi, alisimama nyumbu kumi na tisa, kielelezo cha kesi. Visu vyake vilikuwa vimefunguliwa na kuwekwa kando, lakini mengine yote yalitiwa muhuri wa Baraza tangu siku ya ajali, mtu asiyaguse.

Mkuu wa mitambo, mhandisi Anneth Kweka, alizungumza vizuri. Alieleza kwamba mashine iliyomsaga Mhando haikuwa na dereva kwenye daftari la usiku ule, na mashine haiendi bila mtu, basi mtu aliyeiendesha ni yule aliyekutwa chini yake. Mhando, kwenye kiti cha magurudumu, alitazama sakafu. Aliulizwa kama ana la kusema. Akasema aliona hodi. Mhandisi akatabasamu kwa upole, akasema hakuna kitu kama hicho kwenye mwongozo.

Ndipo Sikudhani akasimama. Taya lilikuwa limekubali vidole viwili, na viwili vilitosha.

Alisema jina lake. Alisema yeye ndiye dereva wa kumi na tisa, na ile hodi ilikuwa yake. Ukumbi ukavuma. Alieleza ndoto za mistari na ngao yenye taa, kwa ufupi, akipumzika baina ya sentensi ili msuli utulie. Mhandisi Kweka akamsubiri amalize, akageukia Baraza.

"Mama Mwenyekiti, namhurumia dada huyu, maumivu ya taya yanachosha akili. Ngao ile ni kipande cha mpira. Inalinda meno. Haina zaidi."

"Ni mpira tu?" Sikudhani akauliza.

"Mpira tu."

"Basi Baraza liniruhusu nilale nao hapa."

Kicheko kikapanda kutoka nyuma. Mtu mmoja akauliza kama aletewe na shuka. Mhandisi Kweka hakucheka. Alitazama mlangoni, kwa nyumbu, kisha akatazama beseni la simu, yake ikiwa humo, na Bi Sechonge, aliyezalisha wanawake kwa miaka arobaini na kujua uso wa mtu anayeficha uchungu, akamwona anavyotazama.

"Mhandisi, una pingamizi mtu kulala na mpira mdomoni?" akamuuliza. "Kama unalo, lieleze, tuliandike."

Mhandisi akatikisa kichwa. Utawala ulikuwa umefikiria kila kitu isipokuwa mfanyakazi wa mkonge kulala mchana.

Sikudhani aliomba watu wote watoke mbele ya nyumbu. Aliomba mawe yatiwe kwenye magurudumu ya nyuma, yakatiwa. Mhando akakataa kukaa ndani. Alisema yeye ndiye aliyebishiwa na ni haki yake kubishiwa tena. Wakamsukuma hadi kwenye baraza ya nje ya ukumbi, juu ya ngazi tano za saruji ambazo nyumbu hawezi kuzipanda. Mtu akamletea taa yake ya mtaroni, ingawa jua lilikuwa kali.

Sikudhani akatandika mkeka chini ya jukwaa. Akafungua kikasha. Alipoiingiza ngao mdomoni, ilikaa kwenye meno yake kama inayoyakumbuka. Akajilaza ubavu, shavu bovu juu. Kwa pumzi chache aliogopa kwamba hatalala, kwamba watu watacheka, kwamba itakuwa mpira tu na yeye mwendawazimu. Kisha siku tatu zikamwangukia kwa pamoja.

Akauona mstari.

Ulikuwa mrefu, umenyooka, majani yameinuka pande zote kama mikuki. Alijua kazi yake. Mdomoni mwa mstari akabisha, kama alivyofundishwa na mzee Likwaya: mbili za haraka, moja ya kuvuta. Mbali mbele kulikuwa na kitu kinachong'aa, kidogo, kimeinuliwa juu. Alikiona. Alikuwa na neno kwa ajili ya kitu kile, neno la kufanya, na neno lenyewe alilijua sana wiki nzima, lakini ndotoni meno hayana masikio. Akauma. Kitu kikamkinza magurudumuni. Akasaga. Kikaachia. Kitu kingine kikamkinza mbele, kigumu, akasaga zaidi, akasaga, na ile nuru juu yake ikawa haishuki.

Kidole kikaingia mdomoni mwake.

"Achia, Siku! Achia meno!"

Akafumbua macho. Zebedayo Nkinda alikuwa amepiga magoti mkekani, amemtia kidole kwenye kona ya mdomo kama anayemwokoa mtoto aliyemeza kitu, na damu ilikuwa ikimtiririka hadi kwenye kiwiko. Sikudhani akaachia. Nje kishindo kikubwa kikakoma ghafla. Zebedayo akaitoa ngao, akaiangalia, akaangalia kidole chake kilichochanika hadi mfupani.

"Nilijua, nikanyamaza," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeaibika.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Sikudhani akainuka, akatembea hadi mlangoni akishika ukuta. Watu wote walikuwa wamesimama pembeni mwa uwanja, kama kwenye maziko. Mawe ya nyuma yalikuwa yamesagwa kuwa kokoto. Nyumbu kumi na tisa alikuwa amezifikia ngazi, amezibomoa mbili, na uso wake ulikuwa umejibana kwenye ya tatu, hatua mbili kutoka kwenye kiti cha magurudumu. Juu ya kiti kile Mhando alikuwa bado ameinua taa. 

"Nilikaribisha, mtani," akasema. "Hukunisikia."

Sikudhani akashuka ngazi zilizobaki, akakaa juu ya saruji iliyovunjika, kichwa chake usawa na mguu uliokatwa. Akanyoosha mkono, akaishusha taa ile taratibu mpaka ikakaa kwenye mapaja ya Mhando.

"Sasa nasikia."

Mhando akaizima taa. Kisha akasema kwamba, kwa kuwa ameuawa mara mbili na Mnyamwezi mmoja, pilau sasa ni juu ya Mnyamwezi, tena la mbuzi mzima. Watu wa karibu walicheka kwa namna ya watu waliokuwa wameshikilia pumzi muda mrefu. Mhandisi Kweka alikuwa amesimama peke yake kwenye kivuli cha ukuta. Madereva walikuwa wakitoa vikasha mifukoni, mmoja baada ya mwingine, na kuviweka juu ya ngazi, taa zao za kijani zikiwaka juani.

Bi Sechonge alikuja na karatasi yake. Aliteremsha miwani ya kichwani, akagundua ana nyingine machoni, akaipandisha tena.

"Bi Msabila, Mhando yuko huru. Hilo limekwisha. Lakini nina wajibu wa kukuambia. Sasa kesi ina dereva, na dereva ana jina. Nikiandika hili, sitaweza kulifuta. Unaelewa?"

"Naelewa, mama."

"Unakubali niandike?"

Taya lilikuwa linawaka moto kutoka sikioni hadi kidevuni. Sikudhani alitazama nyumbu, akatazama ngao mkononi mwa Zebedayo, ya rangi ya ufizi, na alama ya meno yake mwenyewe.

"Andika," akasema. "Mguu ni wangu, naukubali mbele ya watu wote. Usiku haukuwa wangu. Andika hapo chini yake kwamba dereva ameukubali mguu, na anauuliza Utawala kama unaukubali usiku."

Bi Sechonge akaandika yote mawili, akamgeukia mhandisi Kweka, kalamu ikiwa bado hewani. Uwanja mzima ukageuka pamoja naye.

Sikudhani akaweka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu. Akafunga midomo. Akaachanisha meno, akasubiri jibu.